Risasi Ndefu kwenye Mtutu wa Mzee Brekke

Jumatatu asubuhi, siku ya tatu tangu mchungaji Wilmer Huamán apigwe risasi, Naibu Sherifu Lorna Skaar alipiga magoti kwenye theluji, na magoti yakamlaumu kama kawaida yake. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Tangu Jumamosi alikuwa amelala saa saba kwa jumla, tena kwa vipande vipande, na tumboni hamkuwa na kitu ila kahawa ya chupa iliyokwisha kupoa.

Mbele yake kilisimama kibanda cha magurudumu alimokuwa akiishi Wilmer akichunga kondoo wa watu: kuta za bati jeupe, bomba la jiko, ngazi ya mbao yenye vipandio vitatu. Kwenye ukuta wa magharibi, usawa wa kiuno cha mtu, palikuwa na tundu. Wilmer alikuwa amesimama nyuma ya bati hilo akichemsha chai. Risasi ilipita bati, ikapita nyonga yake, ikalala ndani ya gunia la unga nyuma ya jiko.

"Ulikwisha kuliangalia hilo tundu jana," alisema Sherifu Royce Tangen. Alikuwa amesimama pembeni, mikono mifukoni, mtu mpana wa miaka arobaini na mitano, mwenye masharubu yaliyoganda barafu. "Na juzi pia. Unadhani litabadilika?"

"Jana nililipiga picha. Leo naliangalia."

Alivua glavu akapitisha kidole. Tundu la risasi, kwa kawaida, huwa la mviringo. Hili lilikuwa refu na jembamba, kama tundu la kifungo kwenye koti. Risasi haikuingia kwa ncha. Iliingia kwa ubavu.

"Iligonga jiwe kwanza," Royce alisema. "Ikaruka, ikaja imelala. Mambo ya kila siku."

Lorna aligeuka akatazama mteremko mpaka kwenye kigongo, hatua mia mbili na hamsini hivi. Theluji ilikuwa imejaa hadi magotini mwa ng'ombe. Jiwe hata moja halikuchungulia.

Akatoa mifuko miwili ya plastiki kutoka kotini. Wa kwanza ulikuwa na risasi iliyotolewa ungani, nzima, imepinda kidogo tu shingoni, ndefu kupita alizozizoea. Wa pili ulikuwa na ganda tupu la shaba, alilolipata jana kule kigongoni kwa mashine ya kutafutia chuma, baada ya kutembea saa nne mbele nyuma kama anayefyeka. Kitakoni ganda lilikuwa na namba .22-250, na alama iliyopigwa na msumari wa bunduki wakati wa kufyatua ilikuwa pembeni, wala si katikati. Katika Kaunti nzima ya Greasewood, bunduki yenye msumari unaopiga pembeni ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Ilikuwa ya Mzee Einar Brekke.

"Mzee Brekke hujaza risasi zake mwenyewe," Lorna alisema. "Ganda moja hulitumia mara nane, mara tisa, mpaka shingo ichoke. Hili halijajazwa hata mara moja. Linang'aa."

"Basi alinunua boksi jipya. Watu hununua, Lorna."

"Yeye?"

"Alimwambia Wilmer mbele ya watu kumi na wawili pale kwenye mizani ya nafaka kwamba siku moja atakitoboa kibanda chake. Kisa, mbwa wa Wilmer kuharibu mitego yake. Watu kumi na wawili! Mimi nilikuwa wa kumi na tatu." Royce alitema mate kwenye theluji. "Ni mjomba wangu yule. Ndugu ya mama yangu. Unafikiri napenda? Ndiyo maana nakutuma wewe. Mlete ofisini kabla ya saa sita, na bunduki yake."

"Ana miaka sabini na tisa, na moyo mbovu. Akiingia ndani majira haya ya baridi, hatoki."

"Sheria haiulizi mtu umri."

"Hospitali wanasema nini kuhusu Wilmer?"

"Wamempasua tena usiku. Anapumua." Royce alikwisha kugeuka kuelekea gari lake. "Kabla ya saa sita, afande."

*

Duka la Verna Pokorny lilikuwa na kila kitu anachohitaji mtu aishiye mbali: chumvi ya ng'ombe, misumari, soksi, pipi, na ukutani nyuma ya meza rafu mbili ndefu za risasi. Verna mwenyewe, mjane mnene mwenye miwani ya kuning'inia, alikuwa akifungua maboksi yaliyoletwa na lori asubuhi hiyo.

"Umechakaa, mama," alimwambia Lorna. "Kaa hapo. Nikupe kahawa?"

"Kahawa nikinywa tena nitaanza kuota manyoya." Lorna aliweka mfuko wenye risasi juu ya meza, akaweka na picha ya tundu. "Nifundishe."

Verna alivaa miwani. Akaigeuza risasi mara mbili ndani ya plastiki yake.

"Nani huyu alipeleka kitu hiki kwa koyoti? Hii ni ya watu wanaopiga karatasi umbali wa kutoka hapa hadi kanisani."

"Ya koyoti ikoje?"

"Mtu akija hapa akasema, Verna, nataka risasi ya kupiga waharibifu, yaani koyoti, yule mbwa wa mwituni anayekula wana-kondoo, au wale panya wa nyikani wanaotoboa malisho, namwuliza maswali matatu. Ngozi utaiuza au utaitupa? Upepo wa kwenu ukoje? Na bunduki yako ni ya mwaka gani? Mawili ya kwanza wananijibu. La tatu wananuna kana kwamba nimeuliza umri wa mke."

"Jibu la kwanza?"

"Wa ngozi nampa nyepesi, ya uzito wa punje hamsini hivi, yenye ngozi nyembamba ya shaba. Inakwenda mbio, inaingia tundu dogo kama la sindano, inavunjikia humohumo ndani. Haitokei upande wa pili, ngozi inabaki nzima. Na nakwambia jambo jingine. Ikigusa hata bua la nyasi inapasuka. Ndiyo maana tunaichagua sisi hapa. Nyika hii ina ng'ombe wa watu na watoto wa watu. Hatutaki kitu cha kugonga jiwe na kuruka kwenda kutembelea majirani."

Lorna aliandika. "Kwa hiyo risasi ya kawaida ya Mzee Brekke ikipiga jiwe?"

"Vumbi. Ikipiga bati la kibanda, huyo mchungaji angepata mikwaruzo na hasira, basi." Verna akaichukua picha. "Hili tundu ndilo limekushughulisha? Limelala hivi kwa sababu risasi iliyumba. Mtutu una mifereji ndani, imejipinda, ndiyo inayoizungusha risasi isianguke. Mitutu ya zamani ya .22-250 mifereji yake inajipinda polepole. Risasi fupi inatosheka. Hii ndefu, ya punje sabini na tano, inataka kuzungushwa kwa kasi. Ukiitia kwenye mtutu wa kizamani inatoka ikiyumba kama pia inayoishiwa nguvu. Inaweza kwenda popote. Inaweza kufika kwa ubavu, au kwa makalio."

"Bunduki ya Mzee Brekke?"

"Ya mwaka sitini na nane. Aliinunua kwa baba mkwe wangu, hapahapa."

"Na hizi ndefu umeuza ngapi?"

Verna alivuta pumzi. "Wiki nzima ilikuwa ya mashindano ya kuwinda koyoti, unajua mwenyewe. Jumamosi magari arobaini, kila gari wawindaji wawili. Ijumaa mchana rafu ilikuwa nyeupe. Zilikuwa zimebaki boksi mbili tu, za ndefu. Moja alichukua yule daktari wa meno, Whitcomb."

Lorna alimpigia daktari kwa simu ya dukani. Sauti ya mashine ya kutobolea meno ilisikika, kisha ikanyamaza.

"Boksi?" alisema Whitcomb. "Halijafunguliwa, afande. Lina karatasi yake. Jumamosi nilikuwa kitandani na mafua, muulize mke wangu, bado ananicheka. Njoo ulione. Na lile jino lako tulilisema Oktoba, unalisubiri ling'oke lenyewe?"

Lorna alishukuru, akakata. "Na boksi la pili?"

"La pili ni la kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Royce. Lakini usihangaike, Royce ana bunduki mpya, nilimwuzia mimi mwaka juzi. Ile inazila ndefu bila taabu. Ndiyo maana sikubishana naye sana."

Lorna alikuwa akitazama nyuma ya bega la Verna, kwenye meza ya matengenezo. Pale ililala bunduki, darubini yake imepasuka kioo, na kwenye kifyatulio imefungwa kadi kwa uzi.

"Ile ya nani?"

Verna aligeuka.

"Ilianguka kutoka garini kwake," alisema. "Darubini inakuja Alhamisi."

"Aliileta kabla ya kununua risasi, au baada?"

"Palepale. Aliiweka pale, akachukua boksi hapa." Verna alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Mama yangu mzazi."

"Ulimwuliza ni za bunduki gani?"

"Nilimwuliza! Akasema, 'Verna, mimi naua koyoti tangu wewe hujui risasi inaingilia wapi.' Watu wakacheka. Nikacheka na mimi."

"Niandikie," Lorna alisema, akasogeza daftari. "Siku, saa, maneno kama yalivyotoka. Utie sahihi. Halafu niuzie boksi moja la hizo ndefu, kama lori limeleta."

Verna aliandika polepole, akikandamiza kalamu. Alipomaliza alisema, "Hivi, Lorna, huyo si ndiye bosi wako?"

"Ndiye."

"Utafanyaje?"

"Nitaendesha gari. Ndicho ninachofanya tangu Jumamosi."

Kwenye gari aliwapigia wapelelezi wa jimbo. Mwanamke wa upande wa pili alisikiliza hadi mwisho, akauliza tahajia ya majina, akasema barabara ina barafu, watafika saa nane. Akasema pia Lorna asimkabili mtuhumiwa peke yake.

"Simkabili mtu," Lorna alisema. "Nakwenda kupiga karatasi na mzee mmoja."

*

Nyumba ya Einar Brekke haikuwa na kufuli, kama nyumba zote za upande huo. Lorna alibisha kwa adabu tu akaingia jikoni. Bunduki ilikuwa mahali pake nyuma ya mlango, kati ya fagio na koleo la theluji. Mzee, mrefu, mkavu, shingo kama ya jogoo wa zamani, alikuwa akikoroga supu ya viazi. Alikuwa amevaa koti la kutokea na viatu.

"Umekuja kunichukua, mwanangu? Acha viazi viive kwanza, tusiunguze nyumba."

"Nani kakwambia nakuja?"

"Royce alipiga simu. Masikini, sauti ilimkauka. Anasema hana la kufanya, wewe ndiye umenishikilia."

Lorna alivuta kiti, akakaa. Alifungua daftari. "Jumamosi bunduki ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Na wewe?"

"Nyuma ya jiko."

"Kwa hiyo bunduki nyuma ya mlango, wewe nyuma ya jiko, na Wilmer kapigwa kwa bunduki hiyohiyo umbali wa maili sita."

"Basi nilimpiga mimi. Andika."

"Kwa risasi gani?"

"Zangu. Zile pale." Alielekeza mwiko dirishani, kwenye kopo la kahawa lililojaa risasi zilizopangwa vichwa juu. "Punje hamsini. Nimezijaza kwa mkono, kila moja nimeipima."

Lorna alitoa risasi moja ndefu kutoka boksi la Verna, akaisimamisha mezani. Mzee aliitazama bila kuigusa.

"Nini hiyo?"

"Ndugu yake ndiye aliyetoka ungani mwa Wilmer. Na ganda lake lina alama ya msumari wako."

"Haiwezekani."

"Nitaandika hivyo, basi. Kwamba Einar Brekke alitia risasi ya punje sabini na tano ndani ya..."

"Thubutu!" Mwiko uligonga jiko. "Niite muuaji, mwanangu. Nimeshaitwa mengi. Marehemu mke wangu aliniita mengine hata kwa Kinorwe. Lakini usiandike kwenye karatasi ya serikali kwamba mimi, miaka hamsini na tano na bunduki ile, sijui inachokula! Mtoto wa darasa la tatu hawezi kutia kitu hicho kwenye mtutu wa mwaka sitini na nane!"

"Basi nionyeshe."

Mzee alizima jiko. Alichukua bunduki, akachukua kopo lake, akatoka mbele bila hata kofia.

Walisimamisha kadibodi ya boksi la chakula cha mbwa kwenye ukingo wa udongo nyuma ya ghala, hatua mia moja. Mzee alilaza bunduki juu ya gunia kwenye gari la kubebea nyasi. Alipiga tatu zake bila haraka. Walitembea kwenda kutazama, yeye akimshika Lorna kiwiko penye barafu, au Lorna akimshika yeye. Matundu matatu yalikuwa yameshikana, ungeweza kuyafunika kwa sarafu moja ya robo dola.

"Unaona? Macho yamekwisha, lakini bunduki bado."

Kisha akapiga tatu ndefu. Waliporudi tena kwenye kadibodi walikuta moja haikugusa kabisa. Ya pili ilikuwa juu kulia, ya tatu chini kushoto, mbali na mwenzake urefu wa mkono. Matundu yote mawili yalikuwa marefu na membamba. Lorna aliinua picha ya bati, akaiweka kando ya kadibodi.

Upepo ulivuma. Mzee alisogeza uso karibu na karatasi mpaka pua ikaigusa.

"Mpumbavu," alisema polepole. "Mpumbavu mkubwa, mtoto wa dada yangu."

Halafu akafumba mdomo, akaanza kurudi nyumbani peke yake.

Lorna alimkuta jikoni amekaa, bunduki magotini. Aliichukua, akafungua chemba, akahakikisha ni tupu, akaisimamisha mbali. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi na ilimchukua dakika nzima kuandika saa.

"Ijumaa bunduki ya Royce iliharibika," alisema. "Iko kwa Verna, nimeiona. Palepale akanunua boksi la ndefu. Nina maandishi ya Verna. Mimi sikuulizi nani alichukua bunduki, mzee. Nakuuliza kwa nini hakuchukua risasi zako. Kopo liko dirishani. Nani huazima jembe akaacha mpini?"

Mzee alicheka kidogo, bila furaha.

"Wewe si wa huku, ndiyo maana. Mmekuja na baba yako kutoka mjini."

"Miaka arobaini iliyopita."

"Ndiyo nasema, juzi. Hapa bunduki huazimwa kama ngazi. Unaingia, mwenyewe hayupo, unachukua, unarudisha imesafishwa. Lakini risasi alizojaza mtu kwa mkono wake huziombi. Hata ukikaribishwa unakataa. Ni kama kuomba mswaki wake. Unakuja na zako." Alitazama kopo. "Jumamosi alfajiri aliingia hapo. 'Mjomba, naazima.' Nikasema, risasi zile pale. Akasema, 'Ahsante, nina zangu.' Nikafurahi, unajua? Nikajisemea, nimemlea vizuri. Adabu anayo. Sikumwuliza ni za namna gani. Swali moja tu hilo, ambalo Verna humwuliza kila mlevi."

"Ukaamua kulibeba wewe."

"Dada yangu alimwacha hapa na miaka tisa, na sanduku moja. Yeye ana mabinti wawili shuleni. Mimi nina nini? Miaka miwili, mitatu. Ningelala huko kuliko na joto, chakula wanaleta." Aliinua mabega. "Nilijua alikosa tu. Hawezi kumpiga mtu makusudi. Nikasema, wewe umeijua bunduki, umenifuata mimi, acha iwe mimi."

"Mimi sikukufuata wewe, mzee."

"Eh?"

"Mimi nilisema ganda si lako. Jana nilisema, na leo asubuhi nikarudia. Royce ndiye aliyesema nikulete kabla ya saa sita. Alisema sheria haiulizi umri."

Mzee Brekke aliinua uso. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye viatu vyake.

"Kanionyesha kwako? Yeye?"

"Yeye. Siku mbili ameniacha nizunguke kwenye theluji natafuta alichokijua. Wilmer alilala sakafuni kwa muda wa saa tatu, Jumamosi, amejifunga nyonga kwa kamba ya sufu, mpaka bosi wake alipomkuta. Ana mama yake huko kwao Junín. Mimi ndiye niliyempigia simu, kwa Kihispania changu cha kuombea maji."

Mzee aliinuka, akavua koti, akalitundika. Akawasha jiko tena. Kisha akatoa sahani kabatini, moja, mbili, na baada ya kusimama kidogo, ya tatu.

*

Saa sita kasoro dakika kumi gari la sherifu liliingia uani. Royce alifungua mlango bila kubisha.

"Lorna, mbona bado mko hapa? Nimesubiri..."

"Viatu," mzee alisema bila kugeuka. "Unaniingizia theluji."

Royce aliinama akavua viatu. Alipoinuka, na soksi zake za kijivu, aliiona kadibodi. Ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, katikati ya meza. Kando yake lilikaa boksi la Verna.

Alitazama mlango. Alimtazama Lorna, aliyekuwa ameketi na daftari, mkono mmoja juu ya meza, mwingine chini yake.

"Mjomba," alisema. "Usiseme kitu."

"Mimi sijasema kitu siku tatu. Nimechoka. Sema wewe."

Jiko lilinguruma. Royce alivuta kiti ambacho bila shaka kilikuwa chake tangu utotoni, maana alikivuta bila kukitazama, akakaa.

"Sikukiona," alisema. "Kibanda cheupe, theluji nyeupe, upepo unapeperusha. Koyoti alikuwa amesimama katikati, ubavu wazi, mtoto angempiga. Nikakosa. Sijawahi kukosa namna ile. Nikaondoka nikiitukana bunduki."

"Saa ngapi?" Lorna aliuliza.

"Saa tatu na robo."

"Risasi ngapi?"

"Moja."

"Na ulipoitwa kwenda kibandani?"

Royce alisugua masharubu kwa viganja viwili. "Nilijua kabla sijaingia. Nililiona tundu toka nje, nikajua. Nikajiambia akifa nitasema. Halafu nikajiambia akipona nitasema." Alimtazama mjomba wake mgongoni. "Halafu jana wewe ulisema bunduki ilikuwa nyuma ya mlango. Hukuulizwa na mtu, ulisema mwenyewe, mjomba."

"Nilisema."

"Nikadhani umenipa ruhusa."

"Nilikupa," alisema mzee. "Nilikupa unyamaze. Sikukupa uje unifunge kwa mkono wa mwanamke huyu."

Lorna aliandika mpaka mwisho wa mstari.

"Bastola, Royce. Na nyota ya kifuani. Wa jimbo wanafika saa nane."

Aliviweka mezani kimoja kimoja, bila ubishi, kama mtu anayetoa mifuko ya suruali kabla ya kufua. Mzee alisogeza sahani ya mkate wa viazi kuvipisha. Kisha akapakua supu, akaanza na Lorna.

"Sina njaa," Royce alisema.

"Sikukuuliza."

Lorna alikula. Ilikuwa ya moto, na chumvi ilizidi, na ilikuwa chakula chake cha kwanza tangu Jumamosi jioni. Royce alishika kijiko akakiacha ndani ya sahani. Alipoinua uso aliuliza, "Wilmer ataishi?"

"Hawajui. Utawauliza mwenyewe, kama mwanasheria wako atakubali."

Mzee Brekke alikuwa amemaliza. Alifuta mdomo, akakunja kitambaa mara nne, akageuza kiti kumwelekea Lorna.

"Sasa yangu. Fungua ukurasa mpya."

"Unaweza kusubiri wa jimbo, mzee. Kumdanganya afisa ni kosa. Sikulazimishi."

"Fungua ukurasa, mwanangu, kabla sijapoa." Alisubiri kalamu itulie. "Mimi Einar Brekke nilisema bunduki ilikuwa nyuma ya mlango Jumamosi. Ni uongo. Aliichukua mtoto wa dada yangu, Royce Tangen, saa kumi na moja alfajiri, kwa ruhusa yangu. Aliirudisha saa saba mchana. Ilikuwa imesafishwa." Royce alikuwa amefunika uso. "Umeandika imesafishwa?"

"Nimeandika."

"Weka na hili. Nilimlea mimi."

"Hilo halina mahali kwenye fomu, mzee."

"Basi liandike pembeni."

Lorna aligeuza daftari upande, akaliandika pembeni.